Watoto Hawahesabiwi

Wanafunzi wa udaktari hunijia hapa nyumbani mara kwa mara na ile makala. Zamani waliileta imepigwa chapa kwenye karatasi, siku hizi wanayo ndani ya simu. Wananionyesha mstari wa mwisho kabisa, pale mwandishi anapomshukuru muuguzi wa Kiafrika aliyemsaidia kuzungumza na akina mama, halafu wananiuliza kwa heshima zote kama muuguzi huyo ni mimi. Ni mimi. Nawakaribisha chai na nduma, nawaambia wale kwanza. Wakishashiba nawaambia kwamba makala ile ya surua imejaa uongo, na uongo wenyewe haukutoka kwa mzungu aliyeiandika, ulitoka kwangu. Hapo wengi wao huweka kikombe chini.

Nimekula chumvi nyingi na sitaki kupakwa mafuta kwa mgongo wa chupa. Vijana hawa wana adabu, na adabu yao ndiyo inayonipandisha hasira, kwa sababu ni ileile niliyokuwa nayo mimi. Wananiambia, bibi, ulikuwa msichana mdogo, wakati wenyewe ulikuwa mbaya, askari alisimama nyuma yako na bunduki, ungefanya nini? Jamani. Askari alikuwepo, ni kweli, lakini hakuwa na habari na mimi, alikuwa akitafuta kivuli. Asisingiziwe. Kilichoniziba mdomo hakikuwa woga. Yalikuwa malezi mema.

Miaka ile ya Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ikipigana na wapiganaji wa msituni, nilikuwa muuguzi mpya katika hospitali ya Embu. Nilikuwa nimesomea kazi hiyo kwa wamishonari upande wa Meru, nikarudi nyumbani na gauni jeupe, viatu vya kamba, na pasi ya kunipitisha kwenye vizuizi ambavyo watu wetu wengine hawakupita. Nilipanga chumba mjini kwa mama mmoja Mwislamu, mke wa mwenye bucha. Mama huyo akiulizwa kabila lake alijibu kwamba damu yake ni pilau, usiulize imetiwa nini, wewe kula. Kiswahili changu cha shule kilikuwa cha kuomba ruhusa na kuitikia amri. Yeye ndiye aliyenifundisha kugombana kwacho. Kila asubuhi alinipigia gauni pasi ya makaa, akalinyoosha hadi likasimama lenyewe, nami nikatoka mlangoni najiona nimefika.

Dada yangu alikuwa upande wa Kanja. Tumbo moja, yeye wa kwanza, mimi wa mwisho, na yeye ndiye aliyenibeba mgongoni mama alipokuwa shambani. Serikali ilikuwa imechoma nyumba za watu kule kwenye vilima vyao na kuwakusanya wote katika vijiji vipya, nyumba zimebanana kiasi kwamba jirani akikohoa unamwambia pole bila kuinuka kitandani. Kijiji kilizungukwa na handaki lenye miti iliyochongwa, lango moja, na homgadi, askari wenyeji wa serikali, langoni. Filimbi ikilia unakwenda shamba, ikilia tena unarudi. Mume wa dada alikuwa kizuizini. Handaki lile dada alilichimba kwa mikono yake, pamoja na wanawake wenzake, wakati mimi nikijifunza huko Meru jinsi ya kukunja pembe za shuka.

Hapa lazima nieleze desturi yetu, maana bila hiyo hamtanielewa. Zamani surua ikiingia kwenye boma, mama hakuitaja kwa jina. Alikata tawi bichi, akalilaza kwenye njia ya kuingia nyumbani. Mgeni akiona tawi, anageuka bila kubisha hodi na bila kuona amedharauliwa. Watoto ambao hawajaugua walivushwa mto, wakapelekwa kwa jamaa, na waliokuwa na jamaa kule chini Umbeere walikuwa na bahati zaidi, kwa sababu kule nchi ni kavu, nyumba ziko mbalimbali, hadi umfikie jirani umeshachoka. Wakakaa huko wakila mtama na asali hadi tawi likauke. Sisemi hakuna aliyekufa. Walikufa, lakini ugonjwa haukufagia nyumba nzima.

Sasa kijijini tawi utalilaza wapi? Wanawake walijaribu mwanzoni. Homgadi wakayakanyaga, wengine wakayaokota kuwashia moto. Na watoto utawavusha mto gani, na lango lina bunduki? Surua iliingia kwa mara ya kwanza msimu wa mvua, watu hawajamaliza hata kuezeka. Iliwachukua watoto wa dada yangu, ikamwachia kitindamimba tu, msichana aliyekuwa bado ananyonya. Niliporudi kutoka Meru nilimkuta dada amekaa mlangoni na huyo mmoja. Tuliamkiana. Akasema nyumba imepungua. Ni hayo tu aliyosema, na mimi nikainamisha kichwa. Sikumuuliza neno, kwa kuwa kwetu haulizwi mtu jambo la namna hiyo.

Daktari alikuja mwaka uliofuata. Alikuwa mrefu, mwembamba, magoti yake yakigonga usukani wa Landrova. Alikuwa ametoka Timau, alikotibu watoto wa vibarua wa mashamba ya ngano, na huko aliona jinsi surua inavyokimbia katika kambi zenye msongamano. Sasa alitaka kuandika makala juu ya jambo hilo katika vijiji vyetu. Kiswahili chake kilikuwa cha mashambani, cha leta na peleka, na Kiembu hakukijua kabisa. Hospitali ikanitoa mimi niwe ulimi wake.

Sitamsema vibaya. Alikuwa mtu mwema, na alikuwa na subira ya kunieleza mambo njiani wakati gari likirukaruka. Ni yeye aliyeniambia kwamba mtoto mchanga hukingwa na mama yake tangu tumboni, na kinga hiyo hudumu miezi kadhaa kisha huisha. Ndiyo maana wanaonyonya huponea. Lakini wakishaachishwa ziwa hawana tena kinga, wala hawajaugua wakapona, na ugonjwa ukirudi huwaanza hao. Virusi, aliviita hivyo, havisahau nyumba. Vinangoja watoto wawe wengi tena.

Nilimpelekea dada habari hiyo kama mtu anayepeleka zawadi. Nilikuwa najisikia raha kuwa na elimu. Alikuwa akipukuchua maharagwe, na msichana wake akiyaokota yaliyoruka na kuyarudisha kwenye ungo, maana alikuwa ameshaanza kutembea na ziwa ameshaliacha. Dada aliacha mikono ndani ya ungo.

"Basi huyu anangojewa," akasema.

Tangu siku hiyo hakuwa na wazo jingine. Alitaka pasi ya kumpeleka mtoto kwa shangazi yetu aliyeolewa Kiambere, huko chini karibu na mto Tana. Chifu akamkatalia, kisha akamkatalia tena. Alisema wanawake wanajifanya wanahamisha watoto kumbe wanapeleka chakula kwa watu wa msituni. Nikamwendea daktari, na daktari akamwendea Bwana Shauri, mkuu wa serikali pale wilayani. Alirudi na jibu lililokuwa zuri kiasi chake. Bwana Shauri alikuwa amesema kwamba yeye hatoi pasi kwa sababu ya kilio cha wanawake, lakini akiletewa hesabu inayoonyesha kwamba vijiji vinaua watoto, atawaruhusu akina mama wawatawanye wadogo kwa jamaa zao. Daktari alipiga usukani kwa furaha. Hesabu tutaipata, aliniambia, hiyo ndiyo kazi yetu.

Nilimwambia dada. Kila nilipopita kijijini aliniuliza hesabu ya mzungu imefika wapi, na nilimjibu kwamba iko njiani. Alinipikia uji wa wimbi, akaninyang'anya viatu na kuvipangusa vumbi. Niliwahi kumkataza, akacheka, akasema viatu hivi ndivyo vitakavyomfikisha mtoto wake Kiambere.

Basi tukaanza. Daktari alitaka kila nyumba iulizwe: mama amezaa watoto wangapi, walio hai wangapi, waliokufa tangu kuhamia kijijini wangapi. Maswali mepesi, ukiyasoma kwenye karatasi. Nyumba ya kwanza niliyauliza vilevile yalivyo, neno kwa neno. Mama wa nyumba ile alikuwa akimenya kiazi. Alinitazama, akaingia ndani, akavuta mlango. Bibi mmoja aliyekuwa akiota jua pembeni aliniita, akaniuliza ni mwanamke gani aliyenilea. Akaniambia kwamba watoto hawahesabiwi. Mbuzi wenyewe hawahesabiwi, sembuse mtoto. Ukimhesabu umemwonyesha kwa kinachomtafuta. Na waliokwenda hawatajwi mbele ya aliyewazaa, tena asiwataje msichana ambaye hajawahi kuzaa.

Hayo yote niliyajua. Niliyanyonya kwa mama. Aibu iliyonipata pale mlangoni ilinichoma masikio, na nikaapa moyoni kwamba sitarudia kuwavunjia heshima mama zangu kwa ajili ya karatasi.

Kwa hiyo nililipamba swali. Daktari akisema, muulize waliokufa ni wangapi, mimi namgeukia mama na kumuuliza kwa Kiembu kizuri, cha mtoto aliyelelewa, kama nyumba yake imeamka salama. Naye, kama alivyo mtu yeyote mwenye adabu, anajibu kwamba tuko salama, tunashukuru. Namgeukia daktari, namwambia anasema wako salama. Yeye anawatazama watoto waliopo, anawaandika, na pale pa waliokufa anachora duara la sufuri.

Niliyaona maduara yale. Yalijipanga kwenye karatasi moja baada ya jingine, mlango kwa mlango, na mimi nimesimama karibu nayo na gauni langu lililonyooka. Mnataka kujua nilikuwa nawaza nini? Niliwaza kwamba mtu mwenye akili hawezi kuyategemea maneno ya mlangoni. Nje ya handaki, upande wa kushoto wa barabara, kulikuwa na makaburi. Madogo, yamebanana kama nyumba zenyewe. Tuliyapita kila asubuhi tukienda na kila jioni tukirudi. Nilijiambia kwamba daktari ameyaona, kwamba ameshayahesabu kimyakimya, na kwamba maswali ya mlangoni ni ya kuamkiana tu. Kwetu mtu akitaka kujua msiba wa nyumba hamuulizi mwenyewe. Hutazama, kisha hunyamaza. Nilidhani na yeye ametazama.

Tukafika kwa dada yangu. Nilikuwa nimetamani tumruke, lakini daktari hakutaka kuruka nyumba. Dada alikuwa amevaa kitenge kile kizuri, cha kwendea kanisani, nami nikashangaa amekitoa wapi siku ya kazi. Alisimama mlangoni, mtoto ameshikilia mguu wake. Homgadi alikuwa ameegemea ukuta wa jirani, akijipepea kwa kofia. Daktari aliuliza maswali yake. Nikamgeukia dada yangu mwenyewe, mtu aliyenibeba mgongoni, nikamuuliza kama nyumba yake imeamka salama.

Alinitazama machoni, kwa muda mrefu, mdomo wake umefunguka kidogo, kama mtu anayengojea mwenzake amalize sentensi. Nikatazama chini. Nilidhani ananishukuru kwa kutomchokoa kidonda mbele ya wageni. Mwishowe akasema tuko salama. Daktari akachora duara.

Makala ilichapishwa Uingereza. Ilichukua muda, na muda huo wote dada aliuliza na mimi nikajibu iko njiani. Daktari aliniletea nakala hospitalini, mbele ya wauguzi wenzangu, akanionyesha mstari ule wa shukrani, na wote wakanipigia makofi. Nilirudi nayo nyumbani nimeikumbatia. Mama mwenye nyumba alikuwa uani akichambua mchele. Hakusoma Kizungu, akaniambia nimsomee kwa Kiswahili, ili asikie jina la mpangaji wake limefika ng'ambo. Jina halimo, nikamwambia. Akasema haidhuru, soma.

Nikasoma, natafsiri huku nikisoma. Makala ilisema kwamba surua katika vijiji vipya vya upande wetu ni nyepesi. Ilisema vifo ni vichache mno, na kwamba huenda utaratibu wa vijiji na ukaribu wa zahanati umewasaidia watoto. Ilisema kwamba hakuna sababu ya kuwatawanya. Nilipofika hapo Kiswahili kilinikauka. Mama mwenye nyumba alikuwa ameacha mchele. Alijua habari za dada yangu, nilikuwa nimemsimulia nikilia, tena kwenye mkeka uleule. Aliniuliza mzungu alipata wapi maneno haya. Nikamweleza jinsi nilivyouliza.

Hakunifokea. Afadhali angenifokea. Alisema kwao wanasema kuuliza si ujinga, na akarudi kwenye mchele wake. Kisha akasema tena, bila kuniangalia, "Na mficha maradhi, kifo humuumbua. Nenda kamwambie mtu huyo."

Sikwenda. Hapa ndipo wanafunzi wanapokosa udhuru wa kunitolea. Siku iliyofuata sikwenda, na iliyofuata pia. Nilijitia hamnazo, nikafunga vidonda, nikapima homa. Nilikuwa nimepigiwa makofi, na kulikuwa na mazungumzo kwamba nitapelekwa masomo ya juu. Nilitumaini pengine Bwana Shauri hasomi makala. Kumbe aliisoma. Chifu aliwatangazia wanawake uwanjani kwamba suala la pasi limekwisha, serikali imepata uhakika kutoka kwa daktari mwenyewe kwamba watoto wa vijijini wako salama, na tena akina mama wenyewe ndio waliosema hivyo.

Nilipopata habari hizo ndipo nilipokwenda ofisini kwa daktari. Nilisimama wima kama mbele ya mwalimu, nikamwambia yote. Nilimwambia desturi yetu, nikamwambia swali nililouliza badala ya lake. Aliuliza kwa nini sikusema mapema. Nikamjibu kwamba nilidhani ameyaona makaburi.

"Makaburi gani?" akauliza.

Nikamweleza, nje ya handaki, kushoto, unapotoka langoni. Alivua miwani. Alikaa nayo mkononi, akiifungua na kuifunga. Kisha akasema, taratibu kabisa, kwamba alidhani ni matuta ya viazi vitamu. Alikuwa ameyapita miezi yote ile na kufurahi moyoni kwamba wanawake hawa, pamoja na taabu zao, wamepanda chakula karibu na nyumbani.

Aliniambia tutarudi kuuliza upya, nyumba kwa nyumba, na kwamba ataandika makala nyingine kuisahihisha ya kwanza. Lakini ilibidi kwanza aende Nairobi kuomba ruhusa, na ruhusa haiji kwa siku moja. Surua haikungoja ruhusa. Iliingia kijijini wakati yeye akiwa huko, na ikafanya kama alivyonieleza siku ile garini. Ilianza na wale waliokuwa wamenusurika wakiwa bado wananyonya.

Nilipata likizo nikaenda. Mtoto alikuwa amelala kwenye goti la dada, macho yamevimba, kifua kinapanda na kushuka kwa shida, midomo imebabuka hadi uji haupiti. Nilikuwa na mkoba wangu wa dawa, na ndani yake hamkuwa na kitu cha kumsaidia. Surua haina dawa, ni kungoja tu. Mlangoni dada alikuwa amelaza tawi bichi. Homgadi wote walikuwa wamelipita wakielekea zamu, na safari hii hakuna aliyelikanyaga. Mtoto alikufa mchana, jua linawaka, filimbi ya shamba imeshalia na wanawake wengine wameshatoka. Tulimzika mimi na dada na yule bibi aliyenigombeza. Nilichimba na gauni langu jeupe, na dada hakuniambia niache wala hakuniambia niendelee.

Daktari alirudi na ruhusa yake. Akina mama walikusanywa uwanjani, na meza ikawekwa chini ya paa la mabati. Homgadi walikuwepo, na chifu pia alikuwepo, kiti chake kimewekwa mbele. Daktari aliniomba niulize kama alivyouliza yeye, bila kupunguza neno. Nilipaza sauti, nikauliza, na wanawake wote wakatazama miguu yao. Sikuwalaumu. Nilijua yanayopita ndani yao, yalikuwa yakipita ndani yangu vilevile.

Dada yangu alijitokeza wa kwanza. Alikuwa amevaa kitenge kilekile cha kanisani. Alisimama mbele ya meza, akanyanyua mkono wake wa kushoto, na kwa mkono wa kulia akaanza kukunja vidole. Kila kidole alikitajia jina. Alianza na mkubwa. Alisema alivyokuwa, na alikufa mvua gani, kisha akakunja kinachofuata. Hakulia. Alipofika kwenye yule msichana aliyekuwa akiokota maharagwe alikikunja kidole kile, akakishikilia. Idadi sitaiandika hapa. Yeye aliisema, na inatosha kwamba aliisema yeye. Daktari aliandika hadi mwisho.

Nyuma yake walikuja wengine. Mmoja, kisha mmoja, kisha mstari mzima, vidole vikikunjwa, hadi yule bibi naye alikuja, akawataja wajukuu zake kwa majina ya mababu waliyopewa. Chifu aliinuka kwenye kiti chake kabla hawajamaliza.

Pasi zilitolewa. Mstari wa watoto ulishuka Umbeere msimu huo, na dada yangu alikuwa miongoni mwa waliowasindikiza, amembeba mgongoni mtoto wa jirani. Makala ya pili pia ilichapishwa, fupi, ya ukurasa mmoja. Wanafunzi wanaokuja hapa hawajawahi kuiona. Wanaikuta ile ya kwanza, ndefu, nzuri, yenye jedwali, na wanaandika katika kazi zao kwamba surua ya vijiji vile ilikuwa nyepesi. Mimi nawasahihisha mmoja mmoja, wanapokuja, na nitaendelea kuwasahihisha hadi nife, na ninajua kwamba sitawafikia wote.

Lakini silo linaloniamsha usiku. Niliwahi kumwendea dada kumwomba msamaha, alipokuwa amerudi kutoka Kiambere. Alikuwa akipalilia njugu, nikachukua jembe la pili, nikapalilia kando yake, kwa sababu ukimkabili mtu uso kwa uso maneno haya hayatoki. Nilimwambia kwamba sikumuuliza siku ile kwa sababu nilimheshimu. Nilimwambia kwamba nilitaka kumwepusha na uchungu, mbele ya mzungu na mbele ya askari.

Alipalilia hadi mwisho wa mstari. Kisha akaegemea mpini.

"Mdogo wangu," akasema, "kwa nini unadhani nilivaa kitenge? Nilijua mnakuja. Tangu alfajiri nilikuwa jikoni nikiwataja, tena na tena, nizoee, ili nisije nikalia mbele ya askari nikaharibu hesabu. Kwa ajili ya yule mmoja ningewahesabu wote. Nilisimama pale mlangoni nakutazama. Nilikuwa nangojea uniulize."